Mwenye Kiwanja Asigeuzwe Mlinzi

Mtu apitaye njia ya pwani ya mashariki ya Unguja, tangu Matemwe na Kiwengwa mpaka Bwejuu, Paje na Jambiani, haachi kuona kuta zilizosimama bila ya paa. Matofali yamepanda mpaka usawa wa madirisha, nondo zimechomoza juu zikiliwa na kutu ya upepo wa bahari, na ndani ya vyumba yameota magugu. Hayo si magofu ya kale. Ni nyumba za wageni ambazo wenyeji walianza kuzijenga kwa fedha zao wenyewe, nazo fedha zikawaishia njiani. Wengine wamengoja mwaka, wengine wamengoja miaka kumi.

Wageni wenyewe wapo. Mwaka 2019 visiwa vyetu vilipokea zaidi ya wageni laki tano. Mwaka 2020, kwa maradhi ya korona, walipungua hata wasifike laki tatu. Mwaka 2024 walipindukia laki saba. Wamo miongoni mwao wasiotaka hoteli kubwa; hutafuta chumba safi kijijini au Mji Mkongwe, chenye neti, feni na maji ya kuoga, wakakikodi kwa njia ya simu kabla hata ya kupanda ndege. Biashara hii haihitaji mamilioni ya dola. Yahitaji vyumba viwili vitatu, tangi la maji, mwenyeji mwenye ukarimu na mtaji wa kumalizia paa. Hapo kwenye mtaji ndipo mambo yanapokwama.

Mwananchi huenda benki, akajaza fomu, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili, na arudipo huambiwa kwamba hakopesheki. Neno hili limeenea sana siku hizi. Hutamkwa kama vile daktari atamkavyo jina la ugonjwa, na aliyeambiwa hutoka pale ameinamisha kichwa, akidhani amehukumiwa kuwa si mwaminifu. Tumeona yafaa leo kulichungua neno hilo, kwa sababu ndani yake wamechanganywa watu wasiofanana hata kidogo.

Yupo ambaye hajawahi kukopa benki maisha yake yote. Ameuza samaki au mwani, amecheza upatu kwa miaka ishirini bila ya kukosa zamu hata moja, amesomesha watoto, wala hadaiwi na mtu. Mbele ya benki huyu ni kama hayupo, maana uaminifu wake unajulikana mtaani tu na haukuandikwa popote. Yupo wa pili, aliyekopa kwa nia njema, na msiba ukamfika. Wenye nyumba za wageni waliokuwa na madeni mwezi Machi 2020 wanaelewa tunachokisema: ndege zilikoma, vyumba vikabaki vitupu, na awamu ya malipo haikungoja. Benki Kuu ya Tanzania iliruhusu mabenki mwezi Mei mwaka ule kuipanga upya mikopo ya walioathirika, na waliopata nafasi hiyo walipumua. Aliyekuwa amekopa kwa mtu wa mtaani hakuwa na Benki Kuu ya kumwombea. Halafu yuko wa tatu, aliyekopa akala na kukataa kulipa kwa makusudi. Huyu hatuna la kumtetea. Lakini si haki hata kidogo wale wawili wakavishwa kanzu ya huyu mmoja.

Tangu zilipotungwa kanuni za mwaka 2012, na kampuni za kwanza za kutunza taarifa za wakopaji zilipopewa leseni na Benki Kuu mwaka 2013, kila benki hupeleka huko habari za wakopaji wake, na kabla ya kutoa mkopo mpya huangalia huko. Utaratibu huu si mbaya. Waweza hata kumfaa mnyonge, kwa kuwa anayelipa vizuri naye huandikwa kwamba amelipa vizuri. Tatizo ni kwamba wananchi wengi hawajui kuwa daftari hilo lipo. Mtu amechukua kwa simu mkopo wa shilingi elfu ishirini, laini ikapotea, deni akalisahau. Siku anapoomba milioni ishirini za kuezekea nyumba, zile elfu ishirini humtokea mbele kama jini. Tena lipo la makosa: deni limekwisha lakini halikufutwa, au jina limefanana na la mtu mwingine. Katika visiwa ambavyo kina Ali Juma na Fatma Salim ni wengi kama mchele, kosa la namna hiyo si la ajabu. Mwananchi ana haki ya kuiomba ripoti yake na kudai kosa lisahihishwe. Haki hiyo hutumiwa na wachache mno.

Lililo zito zaidi ni la ardhi. Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma, nayo imewekwa chini ya dhamana ya Rais. Mwananchi hupewa haki ya matumizi, na hati ya haki hiyo ndiyo benki huitaka iwe rehani. Sasa nani kijijini anayo? Kiwanja cha pwani kilikuwa uwanda wa wote, au kilikuwa cha kiambo. Babu alipanda minazi, minazi ikawa yake, na ardhi iliyo chini haikuandikwa jina la mtu. Babu amekufa, baba naye amekufa, na warithi ni kumi na wanne: mmoja Muscat, wawili Mombasa, watatu Dar es Salaam, na aliyebaki kijijini ni binti mmoja ambaye ndiye anayefagia uwanja na kupokea wageni. Huyo binti ndiye mwenye biashara, lakini saini yake peke yake haitoshi kitu. Akienda benki huulizwa hati. Akienda kuomba hati huulizwa ridhaa ya warithi wote. Akiwapigia warithi, kila mmoja husema atakuja Ramadhani. Ramadhani zapita.

Ndipo hufunguka milango mingine, ambayo haihitaji hati wala ripoti.

Mlango wa kwanza wananchi wenyewe wameupa jina, kausha damu. Tufanye hesabu ndogo. Mtu akikopa milioni mbili kwa asilimia 10 kwa mwezi, na asilipe kitu, na faida ikawa yaongezwa juu ya deni kila mwezi, baada ya miezi kumi na miwili atadaiwa milioni sita na laki mbili na ushei. Hakuna chumba cha wageni, kiwe Nungwi au kiwe Paje, kiwezacho kuzalisha mara tatu ya gharama yake kwa mwaka mmoja. Wengine siku hizi huingia mlango huu kwa kubonyeza simu tu, wakiwa wamekaa barazani. Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo ya kidijiti zilizokuwa zikifanya kazi bila ya kibali. Ilikuwa hatua njema, ingawa aliyekwisha kutangaziwa deni lake kwa jamaa na marafiki wote waliomo katika simu yake, aibu hairudi.

Mlango wa pili una adabu zaidi, na kwa hiyo ni wa hatari zaidi. Huja mtu kutoka nje mwenye fedha. Kwa sheria hawezi kuimiliki ardhi ya Zanzibar. Akitaka kuwekeza hupitia taratibu za Serikali na kukodishwa kwa muda maalumu. Lakini yeye ameona njia fupi. Humwambia mwenye kiwanja: wewe toa jina na ardhi, mimi nitatoa fedha za kumalizia nyumba, faida tutagawana. Hutolewa karatasi kwa lugha asiyoijua mwenyeji, husainiwa mbele ya wakili aliyeletwa na mgeni huyo huyo. Ndani yake fedha zile si hisa bali ni deni, na deni lisipolipwa kwa tarehe fulani, mwenye fedha atashika nyumba na mapato yake kwa miaka ishirini au thelathini. Kitabu cha wageni kiko kwa mwenye fedha, na malipo ya wageni huingia katika akaunti iliyo ng'ambo, hivyo mwenyeji hana hata njia ya kujua kama faida ilipatikana. Tarehe hufika. Tangu siku hiyo mwenye kiwanja hupewa tochi na koti, akalinda geti usiku kwa mshahara wa mwezi, na wageni humwita mlinzi.

Jambo hili si jipya katika visiwa hivi, na wazee wenye kumbukumbu watalitambua mara moja. Zama za mashamba ya mikarafuu palikuwa na mkataba ulioitwa bei khiyari. Mwenye shamba aliyehitaji fedha aliliuza shamba lake kwa mkopeshaji, kwa sharti kwamba akizirudisha fedha ndani ya muda uliowekwa atarudishiwa shamba. Katika muda huo aliendelea kukaa humo na kulipa kodi, na kodi hiyo, kusema kweli, ilikuwa ni riba iliyovishwa kilemba. Muda ukipita na fedha hazikupatikana, kwa sababu ya mavuno mabaya au bei kuanguka, shamba limekwenda. Madeni yalifikia kiasi cha kuilazimisha serikali ya kikoloni kuwatuma maofisa wayachunguze, na ripoti yao ikatoka mwaka 1933. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kuzuia ardhi isihamishwe ovyo. Sheria ilikuja wakati wengi walikwisha kuwa wapangaji katika mashamba ya baba zao. Tukiitazama mikataba ya pwani ya leo twaona umbo lile lile. Kilichobadilika ni zao tu, karafuu imekuwa kitanda cha mgeni.

Kwa hiyo hatusemi kwamba benki zikopeshe kila aombaye. Amana zilizomo benki ni za wananchi vile vile. Lakini twaamini kwamba masharti yaliyopo hayakupimwa kwa biashara hii, na hesabu ifuatayo yaonyesha.

Tuchukue mfano wa mwenye vyumba vitatu anayekopa milioni 40 za kumalizia jengo kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka juu ya deni linalobaki, alipe kwa miaka minne. Kila mwezi atatakiwa kulipa kiasi cha 1,175,000, yaani milioni 14 na laki moja kwa mwaka. Tukadirie kwamba chumba hukodiwa 80,000 kwa usiku. Katika miezi sita ya wageni wengi kila chumba kikapata mausiku 15, yataingia milioni 3.6 kwa mwezi. Ondoa nusu kwa umeme, maji, dobi, chai ya asubuhi, ada na kodi, hubaki milioni 1.8. Katika miezi minne ya wastani, mausiku 8 kwa chumba, hubaki 960,000. Katika miezi miwili ya masika, Aprili na Mei, haingii kitu, na bado mlinzi na umeme vinataka laki nne kila mwezi. Jumla ya mwaka ni milioni 13 na 840,000. Tazama jinsi alivyokaribia! Amepungukiwa laki mbili na elfu sitini tu kwa mwaka mzima. Lakini benki haihesabu kwa mwaka, huhesabu kwa mwezi. Ikifika Mei huyu amekwisha kukosa awamu mbili, jina lake limeingia katika daftari la wabaya, na mwezi Julai atakapokuwa na fedha mkononi atakuta ameongezewa faini.

Sasa mtu huyo huyo, kwa deni lile lile na riba ile ile, apewe miaka minane. Awamu yashuka mpaka 789,000 kwa mwezi, kama milioni tisa na nusu kwa mwaka, na humbakia milioni nne na ushei za kula na za kupaka rangi. Ni kweli kwamba mwishowe atakuwa amelipa zaidi, karibu milioni 76 badala ya milioni 56 na laki nne. Hiyo ni bei kubwa, na hatutaki kumficha msomaji. Lakini ni nafuu kulipa ghali ukabaki na nyumba kuliko kulipa rahisi katika karatasi na kuipoteza mwaka wa kwanza. Na kama awamu zingepangwa ziwe kubwa kuanzia Julai hata Februari, na ndogo au zisiwepo kabisa wakati wa masika, hata miaka sita ingetosha. Mkulima wa karafuu hadaiwi mavuno mwezi ambao karafuu haijachanua. Mwenye chumba cha wageni naye ana msimu wake.

Wasiotaka riba, nao ni wengi katika visiwa hivi, wasidhani wamefungiwa. Benki ya Watu wa Zanzibar, iliyoasisiwa mwaka 1966, ilifungua huduma za kibenki za Kiislamu mwaka 2011. Katika murabaha benki hununua saruji, nondo na mabati, ikamwuzia mteja kwa bei iliyotajwa wazi tangu mwanzo, naye akalipa kidogo kidogo. Bei hiyo haipandi kwa kuchelewa msimu. Katika ushirika unaopungua, benki na mteja humiliki jengo pamoja, na mteja huinunua sehemu ya benki kidogo kidogo mpaka likawa lake. Hata hivyo mteja asiache kuuliza faida ya benki ni kiasi gani, maana jina la Kiarabu peke yake halipunguzi gharama. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Msahafu inahusu deni na kuandikwa kwake, na vijana wa vyuoni huihifadhi kwa ghibu. Ni ajabu basi kwamba watu wazima tuliopita vyuo hivyo hivyo twasaini karatasi tusizozisoma.

Kwa wakuu wa Kamisheni ya Ardhi twasema hivi: hati moja ya haki ya matumizi, ikitoka kwa wakati, ina thamani kwa mwanakijiji kuliko semina kumi za ujasiriamali. Mabaraza ya vijiji, masheha na Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana wanayo maarifa ya nani mrithi wa nani. Kinachokosekana ni siku moja na meza moja ambapo wote hao hukaa pamoja, mirathi ikagawanywa, mipaka ikapimwa, na aliye Muscat akatoa ridhaa yake kwa wakala bila ya kusubiriwa Ramadhani tatu. Kamisheni ya Utalii nayo, inapompa mwananchi kibali cha nyumba ya wageni, ingefaa ikautazama mkataba wa mshirika wake na kumpa maelezo kwa Kiswahili ya kile alichokisaini. Mkataba usiotafsirika kwa Kiswahili una walakini. Na Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi Zanzibar, ambao una dhamana ya kuwafikia wenye mitaji midogo, uangalie kama dhamana ya kikundi, au rekodi ya upatu iliyothibitishwa na sheha, haiwezi kuhesabiwa kuwa ni ushahidi wa uaminifu. Wazo hili halikutoka hewani. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo shirika la CARE lilivianzisha huko Niger mwaka 1991 na baadaye vikafika hata vijiji vya karibu na msitu wa Jozani, vimejengwa juu ya daftari, sanduku lenye kufuli tatu na macho ya majirani.

Kwa mwananchi mwenye kuta zisizo na paa tuna machache. Asikimbilie milioni 40. Amalize chumba kimoja kwa akiba na upatu, akipangishe, na kila shilingi ya mgeni aipitishe benki hata kama ataitoa kesho yake, kwani benki husadiki kitabu cha akaunti kuliko maneno. Aiombe ripoti yake ya mikopo kabla ya benki kuiomba. Madeni madogo ya simu ayalipe, na aliyelipa adai barua ya kumaliza deni na kuihifadhi pamoja na cheti cha ndoa. Akitokea mshirika wa nje, wakili awe ni wa kwake mwenyewe, na akaunti ya mapato iwe hapa hapa, kwa saini mbili.

Kazi hii ya makaratasi ina wakati wake mzuri, nao ni masika. Vyumba ni vitupu na fundi hawezi kufanya kazi kwa mvua. Wanafamilia wanaokuja sikukuu wakamatwe kabla ya boti ya kurudi, watie saini.